Kwa Somo: Mume wangu hajui kuwa najichoma sindano ya kukata njaa

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Mtwara mjini. Ni mama lishe. Nina banda langu karibu na soko kuu, binti yangu ananisaidia. Asubuhi chai na vitumbua, mchana wali wa nazi, ugali wa muhogo, samaki wa kuchemsha na mbaazi. Jina langu nakuomba usiliandike, maana kwetu huku mtu akikohoa Chikongola, Shangani wanampa pole.

Unene wangu ulianza nilipojifungua mtoto wa pili. Mwaka 2023 nilipimwa nikakutwa na sukari na presha. Nikaanzishiwa vidonge vya sukari, metformini na glibenklamidi, pamoja na kidonge cha presha, nikaambiwa nipunguze mwili. Nimejaribu, Somo. Niliacha wali wa usiku, nikanywa maji ya moto na ndimu, nikawa naamka alfajiri natembea hadi ufukweni na shoga yangu. Kilo nne zilitoka, kisha zikarudi na wageni. Na mtu anayeshinda na masufuria tangu saa kumi na moja alfajiri ataikimbia njaa aende wapi?

Mdogo wangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo aliniletea kalamu tatu za sindano, dawa inaitwa semaglutidi, ile inayouzwa kwa jina la Ozempic. Akanifundisha kujichoma tumboni kila Ijumaa, mwezi wa kwanza robo miligramu, kisha nusu. Nyingine zilikuja na msafiri hadi Dar es Salaam, kutoka hapo zikapakiwa kwenye basi kama mzigo. Huu ni mwezi wa saba. Nilikuwa kilo 106, leo nina 96, na sukari imeshuka.

Wiki za mwanzo nilikuwa na kichefuchefu, harufu ya samaki ikinigeuza tumbo. Baadaye ikapita. Kilichobaki sijui nikuelezeje. Zamani nilikuwa nikipita mbele ya sufuria mkono unakwenda wenyewe: kijiko hapa, ukoko pale, kitumbua kilichoungua nakila ili kisipotee. Sasa mkono umetulia. Njaa imenyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Tabu ni kwamba sionji tena chakula ninachopika. Juzi wateja wawili waliacha mchuzi, chumvi imezidi, nami sikujua.

Mume wangu hajui chochote. Kalamu nazificha kwenye friji, ndani ya kopo tupu la siagi, nyuma kabisa kwenye barafu ambako hapekui mtu. Lakini mwili hauna pa kufichwa. Mawifi zangu wanasema nimeanza kupukutika, na sokoni najua wananong'ona nini, maana huku kwetu mtu akikonda ghafla ugonjwa wake unajulikana kabla hajapima. Usiku mmoja, taa tumeshazima, mume wangu aliniuliza neno moja tu: "Umepima?" Nikamwambia, "Nimepima nini?" Akageukia ukutani. Tangu siku ile kila akirudi ana kifurushi: leo pweza, kesho ming'oko ya moto yenye pilipili. Nakula vipande viwili, vingine nasema nitamalizia, asubuhi nampa paka wa jirani.

Mara mbili jioni nimetetemeka mikono, jasho jembamba likanitoka, macho yakaingia kiza nikakaa juu ya ndoo. Nadhani ni joto la jiko.

Sasa kalamu imebaki moja. Mkataba wa mdogo wangu umekwisha, anarudi nyumbani. Nimeulizia Dar, naambiwa ni karibu laki tano kwa mwezi. Kwenye simu yangu kuna hela ya korosho ya msimu uliopita, tumeiweka ya bati za nyumba yetu Naliendele. Ni hela yetu wawili, ila namba ya siri ninayo mimi. Shoga yangu, ambaye amenigundua, anasema kuna dada anauza kwa WhatsApp vidonge vya mitishamba vya kukata hamu ya kula, elfu 35 tu kwa mwezi. Na yeye mwenyewe ananibembeleza nimchome mara moja kwa kalamu yangu aone.

Nichukue hela ya bati? Ninunue vidonge? Niache nirudi kilo 106? Na baba watoto nimwambieje, mwanaume anayependa mke wa kushikika? Halafu kuna jambo linanikera moyoni: watu wakiniambia "umejitahidi," naitikia, na najua nimewadanganya.

Mimi, Njaa Imenyamaza, Mtwara.

*

Marahaba, mwari wangu. Una miaka 38 na watoto watatu, lakini kwa somo mwari hakui.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata kalamu, mara ya pili nikafuata pweza. Nitarudi kwa pweza. Kwanza nianze na yale mistari mitatu uliyoipitia mbio, ya kutetemeka na kukaa juu ya ndoo.

Jiko umelizoea miaka mingapi? Joto lake unalijua. Kutetemeka mikono, jasho jembamba na macho kuingia kiza ni dalili za sukari kushuka mno, na kwako ipo sababu ya kushuku hivyo. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Ulipoanzishiwa ulikuwa unakula sahani mbili. Leo unakula vijiko vinne, na umeongeza sindano ambayo nayo inashusha sukari, huku kidonge kikiendelea kusukuma kama zamani. Aliyekuandikia hajui kuhusu sindano, aliyekupa sindano hakuuliza kuhusu kidonge. Hapa sikupi la kuchagua: nenda kliniki wiki hii, waambie yote mawili. Huenda wakapunguza glibenklamidi, huenda wakagusa na dozi ya presha, maana mwili ukipungua presha nayo hushuka. Usikate vidonge kwa akili yako. Na ikikushika tena kabla hujafika, kunywa soda ya kawaida yenye sukari, au koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kisha kula chakula. Mwambie na binti yako unayefanya naye kazi, ajue la kufanya akikuona umekaa juu ya ndoo.

Haya, sasa tuzungumze.

Unasema umewadanganya watu. Ngoja niulize: umewadanganya nini? Kidonge cha presha unameza kila siku, na sijaona barua yako ikisema unaona haya kwa kuwa presha imeshuka bila "kujitahidi." Tumefundishwa kuwa njaa ni tabia, na mnene ni mlafi aliyekosa adabu ya mkono. Hiyo dawa yenyewe inatuonyesha vingine. Ukila, utumbo hutoa homoni inayopeleka habari mbili: kwa kongosho, litoe insulini, kwa ubongo, kwamba kimeshaingia, yatosha. Homoni hiyo ya asili hudumu dakika chache tu ikavunjika. Semaglutidi imetengenezwa iifanane, ila yenyewe hukaa mwilini kwa siku nyingi, ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki. Inachelewesha pia chakula kutoka tumboni, na hapo ndipo kilipotokea kichefuchefu chako. Moja ya dawa za ukoo huu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kitu kilichokutwa kwenye mate ya mjusi wa jangwani anayekula mara chache mno kwa mwaka. Kwa hiyo mkono wako ulipokwenda kwenye ukoko ulikuwa ukifuata amri ya ubongo, na amri hiyo hupanda sauti mtu akianza kukonda, maana mwili huona umeingia msimu wa njaa. Zile kilo nne zilirudi kwa njia hiyo. Alfajiri zako za ufukweni hazikuwa uvivu.

Lakini tusiitukuze kupita kiasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta wasio na kisukari, kwa dozi kubwa ya miligramu 2.4, walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Wenye kisukari kama wewe hupungua kidogo kuliko hao, karibu asilimia 10. Wewe umeshuka kilo 10 kutoka 106 kwa dozi ya nusu miligramu. Nakwambia ujue kuwa umepata kingi katika kile dawa inachotoa, usije ukadhani miezi saba mingine itaondoa kilo nyingine 10. Ukiniandikia mwakani kuwa umesimama kwenye 93, sitasema umezembea.

Na swali lako la kurudi kilo 106 lina msingi. Waliofuatiliwa baada ya kuacha dawa hiyo walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Ni kama dawa ya presha, ukiiacha kazi yake inaisha. Hivyo swali la laki tano halihusu mwezi mmoja. Unauliza kama nyumba yenu inaweza kubeba laki tano mwezi huu, na wa masika, na ule ambao korosho zimeshuka bei. Hela ya bati inaweza kununua miezi mingapi? Piga hesabu kwenye karatasi, si kichwani. Halafu jiulize itakuwaje ikiisha, nyumba haina bati na njaa imerudi.

Sikwambii usinunue. Wapo ambao sukari na presha zimekaa sawa kwa dawa hii hata wakaona gharama ni ndogo kuliko figo au mguu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 liliingiza dawa za ukoo huu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili na unene uliozidi ambao pia wana ugonjwa wa moyo au wa figo; kama nawe umo humo, daktari ndiye atakayesema. Orodha haishushi bei dukani Mtwara, hilo najua. Ila inakupa sababu ya kuketi mbele ya daktari bila kujificha na kusema: nimekuwa natumia hii, imenifaa hivi, niendelee vipi au nishuke vipi? Labda kuna dawa nyingine ya sukari ya bei nafuu itakayolinda sehemu ya ulichopata. Labda mtapanga kuacha polepole huku mkiangalia namba. Muulize pia kuhusu macho, maana sukari ya muda mrefu ikishushwa haraka inaweza kuyasumbua. Na kama hujafunga uzazi, mwambie: dawa hii inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya mimba, na mwanamke akipungua mwili, mimba humshika kirahisi kuliko alivyozoea.

Vidonge vya elfu 35 ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyote. Neno "mitishamba" halinitulizi. Kulikuwa na dawa ya kukata hamu ya kula iitwayo sibutramini. Iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza shambulio la moyo na kiharusi kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Tangu hapo mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuwa zikiikuta imefichwa ndani ya vidonge vya kukonda vinavyouzwa kama vya asili tupu. Kabla yake, mwaka 1997, fenfluramini iliondolewa kwa kuharibu vali za moyo. Sisemi dada wa WhatsApp anauza hizo. Nasema kwamba wewe una presha, na yeye hawezi kukuonyesha kilichomo. Muulize namba ya usajili ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, usikilize atakavyojibu. Hata kalamu zenyewe huigizwa: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ukiona kalamu ya nusu bei, jiulize.

Shoga yako mwambie hapana, tena bila kumung'unya. Kalamu ya sindano haishirikishwi hata ukibadilisha sindano, damu hurudi ndani kidogo bila kuonekana. Akitaka, na yeye akapimwe.

Na hilo kopo la siagi, mwari wangu! Dawa hiyo kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja haifai tena, ni ya kutupa. Wewe umeisukuma nyuma kwenye barafu. Na ile iliyosafiri na basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500, ilikaa wapi, chini ya gari na maboksi ya vifaranga? Inawezekana ulijichoma maji mwezi mzima ukadhani mwili umekataa. Siri ina gharama yake, na hapa imeanza kula dawa yenyewe.

Tumefika kwa pweza.

Unaandika kuwa mumeo anapenda mke wa kushikika, kana kwamba ndiyo sababu atakataa. Nimetafuta kwenye barua yako pahali alipokwambia hivyo kwa mdomo wake, sijapaona. Nilichokuta ni neno moja aliloliuliza gizani: "Umepima?" Wewe umelisikia kama shutuma. Huenda ni shutuma, wewe ndiye unayemjua. Lakini nalo lisikie hivi: mwanaume anamwona mkewe anapungua mwezi hadi mwezi, hali chakula, dada zake wananong'ona, naye hana neno jingine ila hilo. Ungemjibu "ndiyo, nimepima, sina kitu, na nitakwambia kwa nini nimekonda," angegeukia ukutani? Wewe ulimrudishia swali. Tangu siku hiyo anakuletea kifurushi kila usiku. Mwanaume anayemtuhumu mkewe mara nyingi hukata matumizi, hapiti kwa muuza pweza. Huyu wako naona kama anajaribu kukulisha urudi. Naye hajui kuwa asubuhi analishwa paka.

Naweza kuwa nimekosea. Wapo wanaume ambao ukiwaambia "sindano" na "tumeficha" na "Muscat" kwa pamoja, hasira itatangulia. Kama unaogopa mkono wake, au kama amewahi kukuumiza, maneno yangu yote haya yaweke kando, anza na mtu mwingine wa kukaa katikati yenu, mtu anayemheshimu. Kama unachoogopa ni aibu tu, aibu hiyo itaongezeka siku atakapokuta hela ya bati imepungua bila kuulizwa, maana hapo habari itakuwa ya fedha na uaminifu, na dawa hataisikiliza tena. Wapo wanawake walioanza kwa kumpeleka mume kliniki, daktari akasema, wao wakabaki kusikiliza. Wapo walioanza na majibu ya vipimo mkononi, pamoja na kipimo chenyewe kile ambacho mtaa mzima unakifikiria, wakaondoa hofu kwanza, kisha ndiyo wakatoa kopo kwenye friji. Unaweza pia kusubiri umalize kalamu ya mwisho kwanza, ila hapo utakuwa unasubiri njaa irudi ndipo uzungumze, na mwenye njaa si mzungumzaji mzuri. Wewe unajua ni saa ngapi yeye husikia vizuri.

Neno la kula. Hamu imepungua, haina maana mwili hauhitaji. Wanaokonda kwa dawa hizi hupoteza na nyama ya mwili pamoja na mafuta, na wewe unanyanyua masufuria. Katika vijiko vyako vichache, anza na samaki na mbaazi, wali ufuate. Pweza mwenyewe ni chakula chema kwa hilo, kula vile vipande viwili kwa moyo mmoja. Ukipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, usisubiri Ijumaa wala Jumatatu, kimbilia hospitali. Kongosho au kibofu cha nyongo kinaweza kuwa kimeumia.

Siku ya kliniki beba kalamu zote ulizonazo, hata tupu, na pakiti za vidonge vyote. Ukipata nafasi niandikie mumeo alisemaje. Na mchuzi, kwa sasa, mpe binti yako auonje kabla hujapakua.

Wako,
Somo